Kipupwe Kikiisha Ukambani: Kazi za Agosti Hadi Oktoba

Mwanzoni mwa Agosti mtu wa Nunguni huamka akitafuta sweta kabla ya viatu. Mawingu yamelalia vilima vya Kilungu tangu usiku, manyunyu yanalowesha mibuni, na jua halionekani hadi saa tano. Siku hiyohiyo mtu wa Kibwezi au Mutomo amejifunga leso puani kuzuia vumbi. Wote wawili wako katika majira yaleyale, kipupwe kinachoelekea ukingoni, na wote wawili wamebakiwa na wiki kama kumi na mbili kabla mvua ya vuli haijashika.

Mwongozo huu ni wa wiki hizo. Msimamo wangu ni kwamba Kitui na Makueni mavuno ya Februari hupatikana au hupotea Septemba. Mvua tunayoitegemea, ile nthwa, ni fupi mno. Kwa kawaida hushika kati ya wiki ya mwisho ya Oktoba na wiki ya kwanza ya Novemba, humwagika kwa wingi Novemba, na kabla ya Krismasi imeshapungua. Siku hamsini, ukibahatika sitini. Ndani ya siku hizo hakuna nafasi ya kutafuta mbegu, kuazima plau wala kuziba mtaro uliobomoka. Ndugu zetu walioko Kanada au Norway wanaweza kukaa ndani wakisubiri theluji iyeyuke, maana maji yao ya kupandia yameshalala juu ya ardhi yakingoja joto. Yetu bado yako Bahari ya Hindi.

Usidanganywe na mawingu

Baridi ya Juni hadi Agosti ina chanzo chake mbali. Jua likiwa kaskazini mwa ikweta, kanieneo kubwa ya hewa hujikusanya kusini mwa Bahari ya Hindi, pande za Morisi na Réunion, na kutoka huko upepo wa kusi huvuma hadi kwetu. Njiani huokota unyevu, lakini juu yake hutanda hewa kavu yenye joto inayozuia mawingu yasipande. Wingu lisilopanda halizai mvua ya maana. Hutoa manyunyu katika miinuko ya Mbooni, Kilungu na Kitui ya Kati, basi. Tambarare za Kathonzweni, Ikutha na Tseikuru huambulia upepo mtupu.

Ndiyo maana kila mwaka kuna mtu anayepanda maharagwe kwa manyunyu ya Agosti, akayaona yakiota vizuri, kisha Septemba ikayachoma yote. Huko vilimani, kwenye bonde lenye unyevu, unaweza kujaribu sukuma wiki na dania. Kwingine acha.

Septemba kusi huanza kulegea. Tarehe 22 au 23 ya mwezi huo jua hupita juu ya ikweta, na kwa kuwa sisi tuko kusini yake kidogo tu, linatupiga utosini. Joto hilo la kuudhi ni sehemu ya mpango wenyewe: ukanda wa mvua hulifuata jua unaposhuka kutoka kaskazini. Oktoba yenye joto zito na upepo uliotulia haina ubaya. Ya kutia wasiwasi ni ile Oktoba ambayo kusi inaendelea kuvuma kwa nguvu hadi mwisho wa mwezi. Hapo ujue mvua inachelewa.

Wazee wana dalili zao, na sizidharau. Migunga huchanua mwisho wa kiangazi, mibuyu ya Kibwezi na Mutomo huanza kuchipua, pepo za kisulisuli huzunguka na vumbi mchana. Dalili hizi zinakwambia majira yamefika. Hazikwambii mvua itakuwa kiasi gani, na hilo ndilo swali lenye pesa ndani yake.

Agosti ni mwezi wa ghala

Kazi ya kwanza si shambani. Mvua ya Machi hadi Mei, uua, sehemu nyingi za Ukambani huleta kidogo, na nyanda za chini mara nyingi haileti kitu. Hicho kidogo ndicho kitakachokuvusha hadi Februari. Piga hesabu. Mkenya hula karibu gunia moja la mahindi la kilo 90 kwa mwaka. Familia ya watu sita, kuanzia Septemba hadi Februari, inahitaji magunia matatu, iwe ni kwa ugali, isyo au muthokoi. Yahesabu kabla lori la mnunuzi halijapaki kwenye njia panda, kwa sababu mnunuzi anajua kalenda ya shule kuliko unavyoijua wewe. Muhula wa tatu hufunguliwa mwishoni mwa Agosti, karo inadaiwa, na mahindi yanauzwa kwa bei ya shida. Novemba unayanunua yaleyale dukani kwa bei nyingine kabisa. Kama lazima kitu kiuzwe Agosti, uza mbaazi ambazo ndizo zinazokomaa wakati huu, au uza mbuzi wa kiume angali na mwili. Mbuzi huyo Oktoba atakuwa mifupa na bei yake nusu.

Ukame wa 1984 unajulikana Ukambani kwa jina Nikw'a Ngwete: ninakufa huku nimeshika pesa. Watu walikuwa na noti mkononi na hakukuwa na nafaka ya kununua. Barabara zimekuwa bora tangu wakati ule, na chakula husafiri haraka, lakini sijaona sababu ya kuyajaribu tena.

Nafaka iliyohifadhiwa vibaya ni hatari kuliko ghala tupu. Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa katika Makueni, Kitui na wilaya jirani kwa kula mahindi yenye aflatoksini, sumu inayotokana na ukungu. Mahindi mengi yalikuwa ya nyumbani, yaliyohifadhiwa yakiwa hayajakauka. Sumu hiyo haiishi kwa kupika, haiishi kwa kuosha, na mara nyingi hata jicho haliioni. Kipupwe kinasaidia ukungu huo: mawingu ya asubuhi hufanya mahindi yakauke kwa taabu, hasa vilimani. Yaanike juu ya turubai wala si kwenye udongo, yafunike jioni kabla umande haujaanguka, na usiyapukuchue kwa kuyapiga kwa fimbo ndani ya gunia, maana punje iliyopasuka ndiyo mlango wa ukungu.

Unyevu unaotakiwa ni chini ya asilimia 13.5. Kipimo cha mashine wanacho baadhi ya wanunuzi na maafisa wa kilimo, lakini chupa na chumvi hutosha kwa kuanzia. Chukua chupa kavu ya kioo, tia konzi ya mahindi na vijiko viwili vya chumvi iliyokauka vizuri, funga, tikisa, kisha iache dakika kumi na tano. Chumvi ikigandamana ukutani mwa chupa, mahindi bado ni mabichi, rudisha juani. Isipogandamana, yatie kwenye magunia yasiyopitisha hewa, ukamue hewa yote kabla ya kufunga shingo ya kila mfuko wa ndani. Wadudu hufa humo bila dawa. Usiyafungue kila siku kuchota kibaba. Tenga gunia moja la kula, mengine yaache.

Mahindi yenye ukungu usimpe kuku wala ng'ombe. Sumu hiyo hupita kwenye maziwa.

Nikiwa kwenye mambo ya nyumbani, nitaje mawili ya baridi. Jiko la makaa halilali chumbani na watu. Kila kipupwe kuna nyumba nchini humu ambamo familia huota moto, hufunga dirisha na haiamki. Hewa ya makaa haina harufu. La pili ni kuku. Kideri hupenda majira haya ya upepo baridi na vumbi, na kikiingia kijijini kinaweza kumaliza banda zima ndani ya wiki. Hakina tiba. Chanjo ni ya bei ndogo lakini chupa moja inatosha kuku wengi, kwa hiyo kubalianeni majirani, mnunue pamoja na mchanje siku moja, kisha mrudie kila miezi mitatu. Anayechanja peke yake huku kuku wa jirani wakizurura bila chanjo amenunua nusu ya kinga.

Miembe haitaki kuachwa peke yake

Kuna mmea mmoja unaoipenda baridi hii. Mwembe huhitaji majira ya ubaridi na ukavu ili uache kutoa majani na utoe maua, na ndiyo sababu Julai hadi Septemba miembe ya Makueni na Kitui hujaa maua. Apple, Kent, Tommy Atkins na Ngowe haichanui siku moja, na mti mmoja unaweza kuchanua upande huu leo na upande ule baada ya wiki tatu.

Maua hayo hayo ndiyo dhaifu kuliko chochote utakachokuwa nacho shambani mwaka huu. Usiku wa baridi na asubuhi yenye unyevu huleta ukungu mweupe unaoonekana kama maua yamenyunyiziwa unga. Maua hunyauka na kudondoka bila kushika tunda. Apple, ambayo sokoni ndiyo kipenzi cha wote, ndiyo inayougua zaidi. Vilimani penye manyunyu huongezeka ugonjwa mwingine, madoa meusi yanayokula maua na baadaye tunda changa. Anza kupuliza dawa ya ukungu vikonyo vya maua vikishatokeza lakini maua hayajafunguka, na urudie kwa siku zilizoandikwa kwenye lebo, ukibadilisha aina ya dawa ili ukungu usiizoee. Dawa za wadudu ni jambo jingine. Usizipulize maua yakiwa wazi na nyuki wako kazini. Nyuki na wadudu wengine wadogo ndio wanaokushikishia matunda, na jirani yako wa Mwingi mwenye mizinga atakushukuru pia.

Nzi wa matunda hutegwa mapema, tunda likiwa bado dogo. Nzi huyu mgeni kutoka Asia aligunduliwa nchini Kenya mwaka 2003, na kwa sababu yake Kenya ilisimamisha yenyewe uuzaji wa maembe Ulaya mwaka 2014. Soko hilo lilifunguliwa tena 2021, baada ya kazi ya miaka ya kutengeneza maeneo yenye nzi wachache, Makueni ikiwa mbele. Tundika mitego yenye chambo cha kuvutia madume, na baadaye usiache embe lililodondoka lioze chini ya mti. Lizike kwa kina cha mkono au lifungie kwenye mfuko mweusi juani. Hata kama unauza kwa kiwanda cha kaunti kilichoko Kalamba au kwa dalali wa Nairobi na huna habari na Ulaya, embe lenye funza hakuna anayelilipia.

Septemba: maji kabla ya maji

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kumbuka hesabu hiyo moja tu na utaitumia maisha yako yote. Nyumba ya mabati yenye mita 6 kwa 8 ina mita za mraba 48. Mvua ya milimita 30, ambayo Novemba hunyesha alasiri moja, huangusha juu yake lita 1,440. Ukiondoa zinazoruka na kuvuja, unaweza kukinga kama 1,150. Hiyo ni mitungi ya lita 20 zaidi ya hamsini. Sasa nenda nje ukaiangalie gata yako. Kama imening'inia upande mmoja, au kiota cha ndege kimeziba mdomo, au hakuna gata kabisa, umeona maji yako ya Novemba yanavyoishia kwenye korongo.

Safisha tangi Septemba likiwa limekaribia kukauka, ziba nyufa, funika mdomo kwa wavu. Mvua ya kwanza iache ipite; imebeba vumbi la miezi mingi na kinyesi cha ndege.

Wanaotegemea mito ya mchanga, kama Tiva, Thua, Kaiti na vijito vyake, wanajua kwamba kuanzia sasa visima vya mchangani huchimbwa chini zaidi kila wiki. Zungushieni miiba, mtenge birika la mifugo upande wa chini, na msiruhusu punda wanywe pale watoto wanapochota. Kama kijiji chenu kina bwawa la mchanga, huu ndio wakati wa kulikagua, kabla mto haujashuka. Bwawa hilo ni ukuta wa zege au mawe unaokatiza mto wa msimu. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa katikati ya chembe, karibu robo hadi thuluthi ya ujazo wote, salama dhidi ya jua na mbu. Ukambani tuna mengi kuliko karibu mahali pengine popote duniani, na mengi yalijengwa kwa mwethya, watu wakibeba mawe wenyewe. Yanapokufa, mara nyingi hufia ubavuni. Angalia pale ukuta unapoingia kwenye ukingo wa mto: kama maji ya mwaka jana yalianza kuchonga njia ya kuzunguka, mafuriko ya mwaka huu yatamaliza kazi, na mtabaki na ukuta mzuri uliosimama peke yake katikati ya mto. Mawe, magunia ya mchanga na nyasi za kushika ukingo zikiwekwa Septemba hutosha. Na mchanga wa bwawa hauuzwi. Anayewaletea lori la mchanga usiku anabeba maji yenu.

Kisha matuta. Mtaro wa fanya juu huchimbwa kwa kufuata usawa wa mteremko, upana wa sentimita 60 na kina kama hicho, na udongo hutupwa upande wa juu. Machakos na Makueni, zikiwa bado wilaya moja hadi 1992, zilijulikana kwa kubadilisha milima iliyokuwa imekwisha kwa mmomonyoko kuwa ngazi za mashamba. Lakini tuta la babu halijirekebishi. Mtaro uliojaa udongo ni njia tu ya maji kupita. Zoa huo udongo uliojaa, ambao ndio ule wenye rutuba uliokukimbia, uurudishe juu. Anza na tuta la juu kabisa, kwa sababu likipasuka hilo, maji yatayapasua yote yaliyo chini yake.

Shamba la tambarare lisilo na matuta linaweza kuchimbwa mashimo ya zai, yanayojulikana sana kutoka Burkina Faso, ambako Yacouba Sawadogo aliyafufua na kuyaboresha miaka ya 1980. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande na kina cha 30 au zaidi, tia debe la samadi, rudisha udongo wa juu na uache kinafasi cha kukusanya maji. Ni kazi ya kuvunja mgongo kwenye udongo mgumu wa Septemba, sitakuficha. Usijaribu ekari nzima. Chimba kadiri unavyoweza kumaliza, na hapo ndipo uweke mahindi yako.

Kusikiliza utabiri bila kupoteza kichwa

Mwisho wa Agosti wataalamu wa hali ya hewa wa nchi za Pembe ya Afrika hukutana chini ya kituo chao cha kanda, ICPAC, na kutoa mwelekeo wa mvua ya Oktoba hadi Desemba. Idara ya hali ya hewa ya Kenya hutoa wake, kisha ofisi za kaunti huutafsiri kwa maeneo yao. Utausikia Musyi FM na Mbaitu FM, utausikia kwenye baraza la chifu. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame nayo hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kila kaunti kame, ikieleza hali ya malisho, bei za mbuzi na umbali wa maji.

Utabiri wa msimu ni wa uwezekano. Ukiambiwa kuna asilimia 55 ya mvua kuwa chini ya kawaida, maana yake ni kwamba uwezekano umeegemea huko, na bado kuna asilimia 45 ya kuwa vinginevyo. Sikiliza pia tarehe ya kuanza na jinsi mvua itakavyogawanyika, kwa sababu milimita 300 zilizonyesha kwa wiki mbili na zikakoma hazilei mahindi.

Na ukisikia El Niño, tulia. Mwaka 1997 ilileta mafuriko yaliyobomoa madaraja. Mwaka 2015 ilikuwa kali sana katika Bahari ya Pasifiki, watu wakajiandaa kwa 1997 nyingine, na haikufika hapo. Mwaka 2019 haikuwa na nguvu ya kutajika, lakini mvua ilikuwa kubwa ajabu, kwa sababu Bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto kuliko upande wa Indonesia. Kwa hiyo muulize mtaalamu wa kaunti kuhusu Bahari ya Hindi kabla ya kumuuliza kuhusu Pasifiki. Hali ikigeuka, upande wetu ukawa baridi na La Niña ikawepo, tunakumbuka kilichofuata: misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, haikuleta mvua ya kutosha.

Ushauri wangu ni kupanga kila mwaka kwa msimu mfupi, utabiri uwe wowote. Utabiri mzuri ukupe ruhusa ya kuongeza kipande cha mahindi. Usikupe ruhusa ya kupanda mahindi matupu. Utabiri mbaya ukuhamishie kwenye ndengu, kunde na mtama, bila kukufanya uache shamba likiwa wazi.

Maksai, mbegu na udongo

Watu hununua mbegu mapema na kusahau ng'ombe. Maksai wawili waliopita Agosti na Septemba kwa kutafuna vijiti hawataweza kuvuta plau Oktoba, na ndiyo sababu mashamba mengi hulimwa wiki mbili baada ya mvua badala ya kabla yake. Weka akiba ya mabua ya mahindi na maganda ya mbaazi kwa ajili yao peke yao. Yakate vipande vidogo, uyanyunyizie maji ya chumvi kidogo, wapewe jioni. Matunda ya migunga yanayodondoka sasa ni chakula bora. Watoto wayaokote kwa magunia. Ng'ombe mwingine yeyote asiyekamuliwa, asiyezaa na asiyevuta, auzwe Agosti. Najua ni maneno magumu kwa watu wanaoipenda mifugo yao kama sisi.

Kama unaishi Mtito Andei, Ikutha au Mutha, ghala la malisho na la nafaka lisiwe kwenye ukingo wa shamba unaoelekea porini. Tembo wa Tsavo hutembea mbali maji yakiisha, na wananusa kutoka mbali. Namba ya kituo cha wanyamapori cha KWS kilicho karibu iwe kwenye simu ya kila mtu nyumbani.

Mbegu. Kwa mahindi, tafuta ya eneo kavu: Katumani, ambayo unaweza kuihifadhi mbegu yake mwenyewe, au chotara kama DH02, DH04 na Duma 43, ambazo lazima uzinunue kila msimu. Anayekuuzia mbegu ya nyanda za juu eti kwa sababu gunzi lake ni kubwa anakuuzia mabua. Ndengu aina ya N26 hukomaa kwa siku kama 65 na Kitui imeshajenga jina kwayo. Maharagwe ya KAT B1 na KAT X56 hukimbizana nayo. Kunde K80 na M66 hukupa mboga kwanza, punje baadaye. Mtama wa Gadam huhitaji miezi mitatu na mtu wa kufukuza ndege. Mbaazi pandia katikati ya mistari ya vingine vyote. Itakuwa imesimama Agosti ijayo wakati hakuna kingine.

Ukinunua kwenye agroveti, kwangua kibandiko cha wakaguzi wa mbegu, KEPHIS, na utume namba kwa ujumbe kama kinavyoelekeza, ukiwa bado mbele ya kaunta. Mbegu uliyoihifadhi nyumbani ijaribu: funga punje mia kwenye kitambaa chenye unyevu, baada ya wiki hesabu zilizoota. Zikiwa themanini au zaidi, panda. Zikiwa sitini, weka punje moja zaidi kila shimo. Zikiwa thelathini, pika isyo.

Samadi ihamishwe kutoka bomani mwisho wa Septemba na izikwe au ifunikwe kwa udongo siku hiyohiyo. Ikiachwa juani inabaki majani makavu.

Kupanda kwenye vumbi

Katikati ya Oktoba ukiwa tayari, panda kabla ya mvua. Sababu inajulikana tangu mwaka 1958, H. F. Birch, mtafiti wa Muguga karibu na Nairobi, alipoeleza jambo ambalo wakulima walikuwa wakiliona kwa macho: udongo uliokauka kabisa ukilowa kwa mara ya kwanza, vijidudu vyake huamka kwa kishindo na kuachilia nitrojeni nyingi kwa siku chache. Mmea ulioko ardhini tayari huila. Anayepanda wiki mbili baadaye hukuta imesombwa chini au imeliwa na magugu.

Mahindi, mtama na mbaazi vinavumilia kulala kwenye vumbi. Vifukie kina cha sentimita 5 hadi 7, ili mvua ya kupitia isiviamshe. Inatakiwa ile inayofika chini. Maharagwe na ndengu mimi huyasubirisha hadi mvua ya kweli, kwa sababu huoza upesi. Mvua ya kweli ipime. Weka kopo lenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi, upime maji kwa rula kila asubuhi: ukifikisha milimita 20 ndani ya siku mbili au tatu, imeshika. Au chimba kwa jembe. Udongo ukiwa umelowa kina cha shubiri, panda kila kilichobaki, na ukimalize ndani ya siku tatu.

Kisha kagua. Viwavijeshi hupenda mimea ya wiki ya pili, kwa hiyo ingia shambani asubuhi na mapema, ufungue mioyo ya mahindi, uangalie kinyesi chao kinachofanana na vumbi la msumeno. Na kama mvua ilianza ikakatika siku kumi, hesabu mimea. Zaidi ya nusu ikiwa hai, ziba mapengo kwa kunde. Chini ya nusu, na bado hujafika katikati ya Novemba, rudia. Ukishapita katikati ya Novemba usirudie mahindi hata kama mbegu imebaki gunia zima: siku za mvua zilizosalia haziyafikishi popote. Weka ndengu.